Mizabibu: biodinamiki au kilimo hai cha kawaida?

KatoShamba: Ndugu zangu, nataka kupanda mizabibu ya mvinyo. Nasita kati ya biodinamiki, ile ya pembe na kalenda ya mwezi wa angani, na kilimo hai cha kawaida. Miche nalipia mwisho wa mwezi. Nishaurini.

MamaKasese: Uko wapi? Ekari ngapi? Una ng'ombe? Ssebo, hujasema lolote.

MzeeWaMboji: Biodinamiki! Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria, aliifundisha mwaka 1924: shamba ni kiumbe kimoja, lijilishe lenyewe. Samadi inashindiliwa kwenye pembe ya ng'ombe jike, inazikwa majira ya baridi yote, kisha kiasi kidogo kinakorogwa kwenye maji saa nzima, huku na huku, na kunyunyiziwa udongo. Unga wa jiwe la kwatzi nao unanyunyiziwa majani. Mvinyo unachachuka kwa hamira iliyo kwenye maganda ya zabibu zenyewe.

Nakato_K: Majira ya baridi yapi hapa ikweta, mzee? Kalenda hiyo ni ya Ulaya. Huku mzabibu haulali, bila kupogoa hauchipui kwa mpango. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, lakini kule ni kukavu.

MzeeWaMboji: Zika msimu wa mvua. Udongo wangu umebadilika, hilo nimeliona kwa macho.

Nakato_K: Umebadilishwa na mboji, si pembe.

OkelloJ: Mnabishana pembe wakati adui ni ukungu. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba miche yake haiugui. Mvua za Machi zikaanza, majani yakatoka mabaka ya njano kama yamemwagiwa mafuta; ukigeuza jani, chini kuna unga mweupe. Vishada vikawa vya kahawia, vikavu, vikapukutika kabla ya kuiva. Nikampigia, akasema nipige dawa ya shaba, halafu akaacha kupokea simu. Hadi leo inaniuma. Na msidhani biodinamiki haina dawa: shaba na salfa zinaruhusiwa, ila Demeter, wanaothibitisha mashamba ya biodinamiki, wanaweka kikomo cha kilo 3 za shaba kwa hekta kwa mwaka, kwa sababu shaba haiozi, inajilimbikiza ardhini.

KatoShamba: Niko Masaka, Uganda, nusu ekari. Ng'ombe sina, samadi nitanunua kwa jirani.

MamaKasese: Basi msingi wa biodinamiki huna. Anza na kilimo hai, utafute alama ya Kilimohai, ile ya kuthibitisha mazao ya kilimo hai. Viwango vyake vya Afrika Mashariki vipo tangu 2007.

Mbarara_Boy: Pembe za ng'ombe wa Ankole zinafaa? Ni ndefu mno, na mafundi wa vikombe wanazigombania.

MzeeWaMboji: Zinafaa, mradi ni za jike.

Nakato_K: Masaka kuna mvua nyingi. Mimi ningetengeneza waini ya mananasi.

OkelloJ: Nyabo, kaulizia zabibu. Kato, miche hiyo ni ya aina gani?

Mbarara_Boy: Na hizo za jike mnazitambuaje zikishakatwa?