Naomba ushauri: kii ya flaiwili inalegea kwenye krenkshafti
Ndugu mafundi, habari za kazi. Injini yangu ya dizeli ya kusagia mahindi, ya silinda moja, ina flaiwili (magurudumu mazito ya kusawazisha mzunguko) mbili ambazo hazikufungwa kwa bolti, bali kila moja imeshikwa kwa kii (kipande cha chuma cha kufunga gurudumu na mhimili) yenye kichwa, iliyochongwa kwa mteremko wa 1 kwa 100 na kugongewa ndani ya mfereji wa krenkshafti, yaani mhimili mkuu wa injini. Flaiwili moja imeanza kucheza, na kila asubuhi nakuta vumbi jekundu kama kutu pembeni mwa kii. Fundi mmoja alishauri tuichomelee; nilikataa, maana siku ya kuitoa tutalia. Je, nichonge kii mpya na kuipaka rangi ili nione inagusa wapi, au mfereji ukishalika sharti upanuliwe? Na nitajuaje imekaza vya kutosha kabla sijapasua kitovu cha flaiwili?