Chuo kikishaskani mafaili yote, karatasi zichomwe au zibaki?

Wakuu, habari za humu. Naona mjadala umepamba moto tangu mdau mmoja aandike kwamba vyuo vikuu vya umma viache kujaza vyumba mafaili, viskani kila kitu na kukiweka kwenye seva halafu karatasi ziteketezwe, na waliompinga wakamjibu kwamba mahakamani bila karatasi yenye muhuri huna ushahidi. Mi nasema zisichomwe kwa sasa, ila sababu yangu sio hiyo ya muhuri. Hiyo hoja tuiache kabisa maana hapa Tanzania Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua nyaraka za kielektroniki pamoja na sahihi zake.

Na wala sisemi karatasi ni salama. Tarehe 20 Septemba 2020 jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, lile la mwaka 1941, liliwaka moto na humo ndani ndo zilikuwa ofisi za utawala na fedha. Miezi saba baadae, 18 Aprili 2021, Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town nayo ikaungua pamoja na makusanyo ya historia ya Afrika ambayo mengine hayapatikani kokote duniani. Kwa hiyo anayesema tubaki na karatasi tu kama zamani simuungi mkono.

Lakini wanaoamini seva nao wamesahau yaliyotokea Chuo Kikuu cha Kyoto, Japan, Desemba 2021. Programu ya bakapu, yaani ya kutunza nakala za akiba, ilivyoboreshwa ikaanza kufuta mafaili badala ya kuyalinda, zikaondoka karibu terabaiti 77 za watafiti wa chuo, na kuna watafiti ambao data zao hazikurudi tena. Hicho ni chuo chenye kompyuta kubwa kabisa na wataalamu wa kutosha. Sisi tuna vyuo ambavyo bakapu inakaa chumba kilekile kilipo seva, umeme ukipiga zinaenda zote, halafu mtu anasimama kwenye kikao anasema tumeshahamia dijitali!

Sasa tuje kwenye alama za wanafunzi maana hapa ndo penye uchungu. Kwenye karatasi mtu akibadili D kuwa B+ utaona kwamba pamekwaruzwa, wino ni tofauti, sahihi haipo. Kwenye mfumo B+ inakaa juu ya D ikiwa safi kabisa na huwezi kujua chochote, labda kama mfumo unaandika kila badiliko, nani kaingia, saa ngapi, kabadili nini, na hiyo kumbukumbu ya mabadiliko isiwe mikononi mwa mtu yuleyule mwenye pasiwedi kuu. Makerere mwaka 2017 iliibuka kashfa ya alama kuchezewa kwenye mfumo na kuna watumishi walisimamishwa kazi. Vyuo vyetu vingapi vinaweza kuonyesha leo hii hayo mabadiliko ya miaka mitano nyuma?

Mnakumbuka uhakiki wa vyeti wa 2017, watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti feki. Vile vilikuwa vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu, na uhakiki uliwezekana kwa sababu Baraza la Mitihani lilikuwa na kumbukumbu zake za kulinganishia. Basi fikirieni mtu amemaliza digrii 2024, mwaka 2045 mwajiri anataka kuhakiki. Mpaka wakati huo chuo kitakuwa kimeshabadili mfumo labda mara tatu, na kila data zinapohamishwa kuna kozi ambazo namba zake za utambulisho (code) za zamani zinagoma kuingia, mwanafunzi anaonekana hana matokeo ya somo alilofaulu. Ukiwa umeshachoma karatasi utalinganisha na nini?

Tatizo lenyewe ninavyoliona mimi ni nani mwenye hizo kumbukumbu. Masjala zetu, yaani ofisi zinazotunza mafaili, zina watu waliosomea kazi hii, wengine wametoka Chuo cha Utumishi wa Umma, wanajua jalada linafunguliwaje, folio (namba za karatasi ndani ya jalada) inafuatanaje, waraka gani unakaa miaka mingapi na upi haufi. Mfumo ukiletwa wanaachwa kando, kila kitu kinaenda kwa watu wa IT ambao kazi yao ni mtandao usikatike, nao sio kosa lao maana hawakufundishwa kuamua nini kihifadhiwe. Matokeo yake muhtasari wa kikao cha idara uko kwenye WhatsApp, barua za utafiti ziko kwenye Gmail binafsi ya mkuu wa idara, akistaafu anaondoka nazo na hakuna anayeuliza.

Na sheria ipo jamani. Sheria Na. 3 ya 2002 ya kumbukumbu na nyaraka haijampa msajili mamlaka ya kuamka asubuhi na kuchoma, uteketezaji una utaratibu wake na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa lazima ihusike. Halafu tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, sasa unampa mwanafunzi wa fildi askani mafaili ya wagonjwa wa zahanati ya chuo kwa laptopu yake mwenyewe, hapo umelinda nini?

Ninachopendekeza ni hiki: maombi ya likizo, mialiko, nakala za nakala, hizo zikifika muda wake ziende. Matokeo yaliyopitishwa na Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, yahifadhiwe kwa PDF/A, ule muundo uliotengenezwa makusudi kwa ajili ya kukaa miaka mingi, na pia yachapwe, yasainiwe, yajalidiwe vitabu viwili, kimoja kikae kampasi nyingine kabisa. Masjala ndo iwe na neno la mwisho, IT iwe fundi wake. Na kabla ya kuchoma chochote, zichaguliwe skani chache kwa kubahatisha kutoka kila boksi mtu azifungue aone kama zinasomeka, maana kuna zilizoskaniwa kurasa zimepinda na namba ya usajili haionekani.

Mdau uliyeanzisha hoja, na wengine mnaofanya kazi vyuoni, kama chuo chenu kina ratiba ya uhifadhi, ile inayosema kila waraka ukae miaka mingapi, inayotaja mafaili ya kielektroniki kwa jina na sio karatasi peke yake, naomba mtuwekee hapa inasemaje kuhusu matokeo.