Binti yangu atakaa na familia ya wenyeji Galway, Ireland: tumwandaeje?

Mama wa Mombasa: Ndugu zangu, binti yangu wa sekondari anakwenda Galway mwishoni mwa Juni na shule yake, na wanafunzi watalala katika nyumba za wenyeji. Niulize nini kuhusu usalama na chakula?

Mwalimu: Dada, waulize waandaaji, tena kwa maandishi, kama watu wazima wote wa nyumba hiyo wamechunguzwa na Garda, yaani polisi wa Ireland, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2012, kwa maana jambo hili halifai kuachiwa kuaminiana tu. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, haimfai, kwa kuwa Ireland haimo katika mpango huo.

Baba Salma: Waarifu mapema kwamba mtoto anakula halali, kabla mama wa nyumba hajafanya ununuzi. Mweleze binti pia kwamba majira hayo jua huzama huko baada ya saa nne usiku, kwa hiyo Magharibi itachelewa sana na usingizi utamsumbua. Koti la mvua ni lazima. Plagi ni zilezile za Kenya, na chai hunywewa kwa maziwa.

Mama wa Mombasa: Ahsanteni sana. Nitawaandikia waandaaji leo.