Ruzuku ya malezi ya watoto imeongezwa, ada nayo ikapanda papo hapo. Huu si wizi?

Wakuu habari za humu. Leo niacheni niseme, nina hasira.

Tumetangaziwa kwa mbwembwe kwamba serikali inaongeza fedha za kuwapunguzia wazazi gharama za vituo vya kulelea watoto. Tukashangilia kama mazuzu. Hata hiyo fedha haijaanza kutoka, kituo chetu kikatutumia ujumbe: "Wazazi wapendwa, kutokana na kupanda kwa gharama za uendeshaji..." Mnajua inavyomalizia. Nimekaa na mume wangu tukapiga hesabu, nyongeza ya ada imelamba karibu ruzuku yote. Na chini ya ankara kuna vijistari vipya: mchango wa vifaa, mchango wa chakula, mchango wa "shughuli za ubunifu". Wakati nepi napeleka mwenyewe! Ukichelewa kidogo kumchukua mtoto, faini. Mtoto akiugua wiki nzima, unalipa kama kawaida.

Msidhani ni kwetu tu. Australia serikali hulipa asilimia fulani ya ada kwa niaba ya mzazi. Tume yao ya ushindani ilipochunguza ikakuta kati ya 2018 na 2022 ada zilipanda kwa asilimia 20, wakati wastani wa nchi za OECD, ule umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, haukufika 10. Ruzuku ikiongezwa, mzazi anapumua kidogo, halafu ada inapanda na kumrudisha kulekule. England nako tangu Septemba 2025 wazazi wanaofanya kazi wanapewa saa 30 kwa wiki "bure" kuanzia mtoto wa miezi tisa. Bure yenyewe ni kwa wiki 38 za mwaka, sijui hizo nyingine mtoto akalelewe na nani. Vituo vinalia kwamba kiwango ambacho serikali inalipa kwa saa hakitoshi, kwa hiyo pengo linafidiwa kwenye saa za ziada na michango ya chakula. Yaani danganya toto ya wazi kabisa.

Sasa kabla hamjaanza kuwatukana wenye vituo, na mimi nimewatukana sana kimoyomoyo, tuseme ukweli. Kazi hii ni ghali kwa sababu inataka watu. Hukohuko England sheria inataka mlezi mmoja asizidishe watoto watatu wa chini ya miaka miwili. Huwezi kununua mashine ikakubadilishia nepi na kubembeleza anayelia, huku mwingine anatia kijiko puani. Mshahara wa yule dada unatoka kwa wazazi watatu, pamoja na kodi ya jengo, umeme na faida ya mwenye mali. Na bado dada mwenyewe analipwa kiduchu! Wa kwetu, ambaye mwanangu alikuwa anamrukia mlangoni, kaacha kazi kaenda kuuza dukani kwa sababu kule wanalipa zaidi. Kwa hiyo mimi nalipa hadi natoa macho, yeye hapati, serikali inajisifu. Hela iko wapi?

Kinachoniuma ni kwamba dawa inajulikana. Sweden mwaka 2002 waliweka ukomo wa ada: asilimia 3 ya kipato cha familia kwa mtoto wa kwanza, 2 kwa wa pili, 1 kwa wa tatu, na kisichozidi kiwango kilichopangwa. Kinachobaki inabeba serikali. Quebec, jimbo la Canada, walianza mwaka 1997 na ada ya dola 5 za kwao kwa siku. Ndiyo, foleni za kupata nafasi zikawa ndefu na wengine wakakosa, silifichi hilo. Lakini aliyepata nafasi alijua analipa nini. Sisi tunamwagiwa fedha bila ukomo wa ada wala sharti la mishahara ya walezi, halafu tunashangaa kwa nini hazitufikii.

Na yule wa "si mlizaa wenyewe, leeni wenyewe", tafadhali pita kimya. Nikiacha kazi nilee, kodi yangu hamtaipata.

Nataka kujua kwa wenzangu: kuna aliyesaini mkataba na kituo unaokataza kupandisha ada katikati ya mwaka? Kifungu kimeandikwaje? Mniwekee hapa, kikao cha wazazi ni wiki ijayo na sitaki kwenda mikono mitupu.