Makaratasi ya duka la babu Lindi: nianzie wapi kutafuta historia yake?

Bint wa Ndoro

Habari zenu ndugu zangu. Niko Lindi mjini. Mama mkubwa alitutoka mwezi wa tatu, na siku ya kugawa vitu vyake, uvunguni mwa kitanda likatoka sanduku la bati ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua. Ndani yake mna makaratasi ya babu yake, aliyekuwa na duka mjini hapa zama za Mjerumani, si mbali na bandari.

Mna stakabadhi kumi na moja, barua nne za herufi za Kiarabu, na ramani ndogo ya kiwanja iliyochorwa kwa wino juu ya kitambaa chembamba kinachong'aa kama kimepakwa nta. Pembe moja imeliwa na mchwa. Barua mojawapo imeandikwa 1323. Ustadh wa mtaani kwetu aliitazama dakika chache kabla ya sala, akasema lugha ni Kiswahili kitupu, ila mwandiko umefifia. Aliyoyashika ni nta, mpira, na "njia ya bara".

Nyumba yenyewe imekwisha. Umebaki ukuta mmoja wa mawe, chumba nusu, na tundu la mlango. Mbao za mlango ziliuzwa kabla sijazaliwa.

Nina kosa la kuwaambia. Stakabadhi moja niliipeleka stesheneri ikapigwe laminesheni isiharibike. Mashine ilipopata moto wino ukawa kahawia, mstari wa chini ukafutika kabisa. Nililia palepale dukani.

Nataka kujua babu aliuza nini, alimuuzia nani, na kiwanja kile alikipataje. Watu wazima wananiambia nyaraka za Lindi Wajerumani waliondoka nazo. Ni kweli?

Karani Mstaafu

Pole kwa msiba, binti yangu, na pole kwa hiyo stakabadhi. Zilizobaki usizipeleke popote. Zitandaze kivulini, zipige picha kwa simu mbele na nyuma, kisha kila moja iweke kwenye bahasha yake ya karatasi. Plastiki hapana, na selotepu hapana. Joto na unyevu wa pwani yetu vikishikana na plastiki, karatasi inaoza humo humo.

Si kweli kwamba waliondoka na zote. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, pale Upanga, Dar es Salaam, ina majalada ya serikali ya Kijerumani na ya Waingereza waliofuata. Nyaraka za wizara ya makoloni zilizokuwa Berlin ziko huko huko, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, fungu linaloitwa R 1001, na nyingi zimewekwa mtandaoni kwa picha. Mwandiko wake ni ule wa kale, hata Mjerumani wa leo unamtoa jasho.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Hifadhi haikupangwa kwa majina ya babu zetu. Imepangwa kwa ofisi iliyoandika: forodha, boma la wilaya, ardhi, jimbo. Ukienda na jina la babu peke yake utarudi mikono mitupu, na jina lenyewe Mjerumani aliliandika alivyolisikia: "sh" yetu kwake ni "sch", na "w" yake huenda ni "v". Nenda na namba ya kiwanja, na mwaka. Namba itafute kwenye hicho kitambaa. Ndicho karatasi za upimaji za zamani zilizochorewa, na namba haikosi.

Mwaka utaupata kwenye fedha. Mpaka 1904 rupia moja ilikuwa pesa 64. Tangu hapo ikawa heller 100. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja baada ya Mwingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa hiyo stakabadhi yenye "pesa" ni ya zamani kuliko yenye "heller", hata kama tarehe imeliwa.

Na hiyo 1323 ni ya Hijria. Ilianza Machi 1905. Maji Maji ilianza Julai mwaka huo huo, na Agosti misheni ya Nyangao ilichomwa, iko njiani kutoka Lindi kwenda Masasi. Mfanyabiashara wa nta na mpira wa porini kuandika habari za "njia ya bara" mwaka ule si jambo dogo. Barua hiyo isomwe yote, neno kwa neno. Siasa za huku ziliandikwa kwa Kiswahili tangu mapema. Machemba, yule mtawala wa Wayao, alimjibu Wissmann, mkuu wa majeshi ya Kijerumani huku, kwa barua ya Kiswahili mwaka 1890.

Mjomba wa Mikindani

Dada, huo ukuta nao ni waraka. Pima upana wa chumba kwa ndani. Nyumba zetu za matumbawe na chokaa, dari ililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali, kwa hiyo chumba kinakuwa kirefu na chembamba, mita mbili na nusu, tatu ikizidi. Ukikuta chumba kipana, basi walitumia mbao au chuma, na huo ni ujenzi wa baadaye au ulikarabatiwa. Tazama juu ya ukuta kama pana matundu ya boriti yaliyopangwa mstari. Yakiwepo, nyumba ilikuwa ya ghorofa au paa la bapa: duka chini, watu juu.

Piga picha mapema. Mvua za masika hazina huruma na chokaa iliyovuliwa plasta.

Mwalimu wa Nachingwea

Naongeza moja. Kwa miaka ya Mwingereza usitafute Lindi tu. Makao ya Jimbo la Kusini yalikuwa Lindi, yakahamia Mtwara miaka ya 1950, kwa hiyo jalada moja linaweza kuanzia mji huu likamalizikia mji ule. Pia ulizia gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923. Watu wa mikoani waliliandikia barua za habari za miji yao. Na kama kiwanja kilikuwa na hati ya milki kamili, ujue hizo zilibadilishwa kuwa za kupangishwa na serikali mwaka 1963.

Bint wa Ndoro

Shikamooni wote, na ahsanteni sana. Nimetoka kupima sasa hivi, mjomba. Mita mbili na sentimita sitini. Matundu yapo saba, la nane limezibwa na kiota cha ndege.

Stakabadhi tatu zina neno "pesa". Kwa hiyo babu alikuwa na duka kabla ya 1904, na mama mkubwa alituambia siku zote alikuja wakati wa vita. Kwenye kitambaa, nilipokishikia dirishani, namba imeonekana chini ya doa.

Jumamosi baada ya alasiri nakwenda kwa ustadh na ile ya 1323. Nimemwomba asome kwa sauti, polepole, mimi niandike.