Bridgetown walimshusha Nelson. Walipaswa kumwondoa, au kumvunja kama walivyouvunja mkuki wa bendera yao?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Leo naleta jambo la mbali kidogo, kisiwa cha Barbados kule Karibi. Wiki nzima limenikaa kichwani. Upande ninao, siwafichi, ila nataka mnipinge kwa hoja.

Tarehe 16 Novemba 2020, katika mji mkuu wa Bridgetown, sanamu ya shaba ya admirali wa Uingereza, Horatio Nelson, ilishushwa kitakoni pake, hatua chache tu kutoka majengo ya Bunge, ikapelekwa kwa watu wa makumbusho. Alisimama pale tangu 22 Machi 1813. Ile nguzo ya Nelson ya London ambayo wote tunaijua kwenye picha ilikuja miaka 30 baadaye.

Kwa nini Barbados wawahi hivyo? Fuata pesa. Juni 1805 Nelson alipita kisiwani hapo na meli zake akimsaka Mfaransa Villeneuve, ambaye wenye mashamba ya miwa waliogopa angewanyang'anya visiwa. Miezi minne baadaye Nelson akafa katika vita vya baharini vya Trafalgar. Matajiri wa kisiwa wakachanga, wakaagiza sanamu kwa mchongaji Richard Westmacott, na uwanja ukaitwa Trafalgar Square. Waliochanga ni wenye sukari. Waliokata miwa hawakuulizwa, maana mwaka 1813 walikuwa bado mali ya mtu, wameandikwa daftarini pamoja na ng'ombe. Miaka mitatu tu baada ya sanamu kusimama, Jumapili ya Pasaka, Aprili 1816, watumwa wakainuka wakachoma mashamba, kiongozi wao akiwa Bussa. Wakazimwa kwa bunduki. Nelson kasimama palepale, hajatikisika.

Sasa tazameni bendera yao. Nembo ya koloni ilimwonyesha mtawala wa Uingereza juu ya gari linalokokotwa na farasi wa baharini, mkononi kashika mkuki wa meno matatu. Uhuru ulipofika mwaka 1966, mwalimu wa sanaa Grantley Prescod, aliyeshinda shindano la kubuni bendera, alichukua kichwa cha mkuki uleule akakiweka katikati ya bluu na njano, mpini umekatwa. Maana yake ni kwamba wameachana na ukoloni. Hakuutupa ule mkuki. Aliuvunja, kisha akauacha kila mtu auone umevunjika.

Hoja yangu ni hii: Nelson naye angetendewa hivyohivyo. Wangemtoa kitakoni wakamlaza chini uwanjani palepale, jua na mvua vimpate, njiwa wamfanyie wanavyojua. Mtoto akiuliza "huyu nani, mbona amelala?" ahadithiwe kisa chote. Kumfungia makumbusho ni kumpumzisha. Karibuni.

Mchangiaji, Tanga

Mkuu, kwa heshima zote, unaongea kama mtalii. Wewe utapita hapo mara moja na kamera yako. Wao wanapita kila siku.

Halafu umeruka sehemu muhimu, kwamba hizo njia za katikati zilishajaribiwa. Watu walipolalamika, Nelson aligeuzwa, asiutazame tena mtaa mkuu wa Broad Street. Fikiria hiyo serikali: shujaa wa watu wengine anakukera, unamgeuza mgongo kama mtoto aliyetiwa adabu! Mwaka 1999 wakabadilisha jina la uwanja, ukawa Uwanja wa Mashujaa wa Taifa. Jina likabadilika, mzee yupo. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 20 uwanja wa mashujaa wa taifa ulikuwa na sanamu ya mtu ambaye hayumo katika orodha ya mashujaa wa taifa. Bussa yumo kwenye orodha. Sarah Ann Gill yumo. Errol Barrow yumo, hata Garfield Sobers wa kriketi yumo. Uwanjani anasimama Nelson.

Mwaka 2017, Siku ya Uhuru, alikutwa kamwagiwa rangi za bendera, bluu na njano. Hapo naona watu walishachoka kuvunjiwa mipini.

Mchangiaji, Malindi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi nitakuwa upande usiopendwa.

Hapa kwetu nguzo ya Vasco da Gama ipo ufukweni, na msalaba wake juu. Nimekua nikiiona, wanangu wanakwenda kuvua samaki chini yake. Haijanipunguzia kitu. Mreno kaja, Mreno kaondoka, nguzo imebaki kama mfupa wa papa aliyekufa. Ningependa iondoke? La. Ikiondoka, mjukuu wangu nitamwonyesha nini?

Na huko Bridgetown jamani, mkianza mtaishia wapi? Mji mzima umejengwa na hao hao. Ile Garrison yao ilikuwa kambi ya jeshi la Mwingereza. Majengo ya Bunge, yale mawe, yale madirisha, ni ya nani? Mwaka 2011 UNESCO waliingiza Bridgetown na Garrison yake katika urithi wa dunia, na waliuingiza kwa sababu ni mji wa kikoloni wa Mwingereza uliosalimika. Serikali ileile inapokea cheti cha urithi kwa mkono mmoja, mkono wa pili inamshusha Nelson.

Mchangiaji, Tanga

Shikamoo mzee wa Malindi. Lakini nguzo ya da Gama haina sura ya mtu. Ni alama ya baharia kwamba nilifika. Sanamu ya mtu juu ya kitako ni kitu kingine, inakwambia muangalie huyu, muwe kama huyu. Jengo unalitumia, unaweka ofisi yako ndani, unabadilisha pazia. Nelson utamtumia kufanya nini?

Mchangiaji, Dar es Salaam

Hapa kwetu Dar tumeshapitia. Mjerumani alimsimamisha Hermann von Wissmann mwaka 1909, yule aliyeuponda upinzani wa pwani uliokuwa chini ya Abushiri. Mwingereza alipoingia 1916 akamng'oa. Mwaka 1927 pakawekwa Sanamu ya Askari, mnayopishana nayo kila siku pale Posta. Wissmann akaenda kusimamishwa Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakamvuta chini mwaka 1967 na tena 1968.

Funzo langu ni dogo tu: aliyemng'oa Wissmann hakuwa sisi, na aliyemweka Askari hakuwa sisi. Bridgetown angalau walimng'oa wenyewe, Waziri Mkuu Mia Mottley akiwepo, kwa mchana na kwa sheria. Hapo nawapa maksi zote.

Mchangiaji, Bujumbura

Mnazunguka tu. Nelson alikuwa mfanyabiashara ya watumwa. Mwenye hatia hiyo hana haki ya sanamu popote. Mada imefungwa.

Mleta mada

Ndugu wa Bujumbura, tusimzidishie marehemu, ya kwake yanamtosha. Hakuwa mfanyabiashara ya watumwa. Alikuwa mtu wa meli. Ila alioa katika jamii ya wenye mashamba, kule kisiwa cha Nevis, mwaka 1787; mkewe Frances Nisbet alikuwa mpwa wa tajiri wa hapo. Na Juni 1805, akiwa baharini upande huohuo wa Karibi, alimwandikia rafiki yake Simon Taylor, mwenye mashamba Jamaika, akimlaani Wilberforce aliyekuwa akipigania kukomesha biashara ya watumwa. Mwaka 1807 wapinzani wa Wilberforce wakaichapisha barua hiyo, na kwa jinsi walivyokuwa waungwana wakaichezea maneno iwe kali zaidi. Kwa hiyo hata baada ya kufa walimtumia. Lakini hata ile asilia haimsafishi.

Na kuna kichekesho. Alipokuwa nahodha kijana visiwani humo, miaka ya 1780, wafanyabiashara walimchukia kwelikweli kwa sababu aliwazuia wasifanye biashara na Wamarekani kinyume cha sheria. Huko Nevis walimfungulia mashtaka, ikabidi ajifungie ndani ya meli yake asikamatwe akishuka. Tabaka lilelile, miaka isiyofika 30, linamchangia sanamu. Ndiyo maana nasema ile sanamu haikuwa ya Nelson. Ilikuwa ya sukari, imevaa sare ya Nelson. Kitu kama hicho nataka kionekane kimelala, siyo kifichwe.

Mchangiaji, Toronto

Habari zenu kaka na dada. Mimi niko Toronto, huku Wabajani (ndivyo wanavyojiita watu wa Barbados) ni wengi, na kazini zamu yangu naigawana na mama mmoja wa Kibajani mwenye umri wa mama yangu. Baada ya kusoma hii mada nikamuuliza. Nikamweleza lile wazo la mleta mada la kumlaza chini.

Alicheka mpaka akakaa. Akasema, "Alale uwanjani halafu nani amfagie?" Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Kwamba akiwa msichana hakumchukia Nelson hata kidogo. Alikuwa mahali pa kukutania: nisubiri kwa Nelson, basi linapita kwa Nelson. Hasira ilikuja baadaye, akiwa mtu mzima, alipofundishwa habari za Bussa, ambazo shuleni kwao hazikuwepo. Kriketi na wafalme wa Uingereza alivijua vyote.

Nikamuuliza, sasa Bussa yuko wapi? Kumbe yupo! Tangu 1985 kuna sanamu ya mtu amekata minyororo, mikono juu, kazi ya mchongaji Karl Broodhagen. Jina lake rasmi ni Sanamu ya Ukombozi, watu wote wanaiita Bussa. Ila haiko uwanjani mbele ya Bunge. Iko Haggatt Hall, nje kidogo ya mji, katikati ya kipilefti, magari yanaizunguka. Kwa hiyo kwa miaka 35 mwenye mnyororo aliokata alikuwa barabarani, na Nelson alikuwa mjini. Hilo ndilo lililonichoma mimi zaidi ya Nelson mwenyewe.

Na kwa mleta mada anayependa alama zilizovunjika: uhuru kamili wa watumwa ulipofika, Agosti 1838, waliokuwa watumwa waliimba kwamba viboko na kufungwa vimekwisha, heko Jin-Jin. Jin-Jin ni nani? Malkia Victoria. Siku yao ya furaha walimshukuru malkia, ilhali fidia ya serikali ya Uingereza ilikuwa imekwenda kwa mabwana, wao hawakupata hata senti. Alama hazikai sawa kama tunavyotaka.

Mchangiaji, Malindi

Dada wa Toronto, hapo kwenye fidia ndipo nilipotaka tufike. Sanamu ni rahisi. Unaleta winchi, unapiga picha, jioni umemaliza. Lakini shamba la Drax Hall bado liko Barbados, na bado ni la ukoo wa Drax, ukoo ulioanza sukari kisiwani humo katika miaka ya 1640. Mwenyewe wa sasa, Richard Drax, alikuwa mbunge Uingereza mpaka 2024. Na mwaka huohuo 2024 serikali ileile iliyomshusha Nelson ilitaka kununua ekari 53 za shamba hilo ili ijenge nyumba za wananchi. Kununua! Kumlipa! Watu wakapiga kelele, Mottley akasimamisha mpango.

Sasa niambieni, wapi penye ukoloni, kwenye shaba au kwenye hati ya shamba?

Mchangiaji, Tanga

Mzee wangu, hapo umenipiga. Lakini angalia hilo jambo kwa upande wa pili. Mpango wa Drax ulisimama kwa sababu watu walikasirika. Je, wangekasirika vile mwaka 1990? Mimi nadhani miaka ile ya kubishana juu ya Nelson ndiyo iliyowafundisha watu kuuliza nani alilipa na nani alilipwa. Sikubali kwamba sanamu ilikuwa mchezo wa bure.

Na kitu kimoja mleta mada hakukigusa. Usiku wa kuamkia 30 Novemba 2021 Barbados ikawa jamhuri, Sandra Mason akaapishwa kuwa rais wa kwanza. Sherehe ilifanyika wapi? Uwanja uleule wa Mashujaa. Charles, wakati huo mwana wa Malkia wa Uingereza, alikuja mwenyewe, akasimama pale akasema juu ya unyama wa kutisha wa utumwa unaotia doa "historia yetu". Rihanna akatangazwa shujaa wa taifa usiku huohuo. Sasa nipigie picha: shughuli yote hiyo, na Nelson wako amelala pembeni kama mlevi. Wapiga picha wa dunia nzima wangepiga nani?

Mleta mada

Wangempiga Nelson. Nakubali.

Nilikuwa nafikiria mtoto anayeuliza, nikasahau kwamba hata akiwa amelala angeendelea kuwa katikati ya kila hadithi. Mkuki kwenye bendera unaweza kuvunjwa ukabaki kwa sababu ni mkuki tu. Mtu mwenye sura hata umlaze bado ni mtu mwenye sura. Hapo Tanga umeshinda, na yule mama wa Toronto mpe salamu zangu, mwambie sitamwachia ufagio.

Ila mzee wa Malindi sijamjibu, na sidhani kuna aliyemjibu vizuri. Kuna yeyote mwenye kufuatilia kilichoendelea Drax Hall baada ya mpango kusimamishwa? Na Bussa, nani anaona ahamishiwe uwanjani, au kipilefti ndiyo kwake sasa?

Mchangiaji, Toronto

Nimemuuliza hilo la Bussa. Amesema asiguswe, maana madereva wote wanamtumia kuelekezana njia.