Tupeane uzoefu: Malta wakati wa joto, nini cha kuona na nini cha kukwepa

KaziniMsida
Wakuu, habari za saa hizi. Leo nimetumiwa video ya vijana wanakimbia juu ya mlingoti uliopakwa grisi pale St Julian's, mmoja kateleza kaangukia tumbo baharini, nimecheka mpaka chai ikanipalia. Nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza kule. Wanaita ġostra, hufanyika Jumapili ya mwisho ya Agosti, kwenye sikukuu ya mtakatifu wa mtaa. Mlingoti unatokeza juu ya maji kwa mshazari, bendera mwishoni, anayeinyakua kabla hajadondoka ndiye bingwa. Hakuna kiingilio, unasimama tu ukingoni na aiskrimu yako. Najua humu wapo waliosoma Malta, waliofanya kazi za kutunza wazee, na wanaojipanga kwenda. Tupeane uzoefu: Juni mpaka Septemba mtu aone nini?

Mjukuu wa Tandale
Nimevuta kiti.

BintiKisauni
Mimi naanza na Valletta, mji mkuu, tena asubuhi mapema, maana ikifika saa tano zile ngazi za mawe zinakurudishia joto usoni. Panda bustani ya Upper Barrakka, chini yake kuna mizinga. Inapigwa saa sita mchana na tena saa kumi alasiri. Shangazi yangu aliinama akashika kichwa, watoto wa Kizungu wakamcheka.

Halafu ingia kanisa la St John's. Kuna picha ya yule mchoraji Mtaliano, Caravaggio, ya mwaka 1608, Yohana Mbatizaji anakatwa kichwa. Ndiyo picha pekee aliyoitia sahihi, na hiyo sahihi kaichora kwenye damu inayotiririka shingoni. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na mimi si mtu wa michoro. Angalizo kwa kina dada: mabega yafunikwe, na viatu vya kisigino chembamba hawataki, kwa sababu sakafu nzima ni makaburi ya marumaru ya wapiganaji wa Kikristo waliotawala kisiwa zamani. Siku yetu kuna mrembo alibaki mlangoni anatuchungulia.

Chumvi Kidogo
Mtu anaenda kisiwani kuogelea, wewe unampeleka kuangalia makaburi.

BintiKisauni
Na ndani kuna ubaridi, ndugu yangu. Ungekuwa umewahi kukaa Malta Julai ungenielewa.

NesiSliema
Mkitaja kuogelea mnanikumbusha Comino, kile kisiwa kidogo cha jirani, na sikupanga kuandika leo.

Tulikuwa kundi la kanisani, wengi wetu kazi ile ile ya kuhudumia wazee, tukabahatika kupata mapumziko siku moja. Tukapanda boti pale Ċirkewwa, ni mwendo mfupi tu. Maji ya Blue Lagoon, jamani, picha hazidanganyi: mchanga mweupe chini, umesimama maji ya kifua na vidole vya miguu unavihesabu. Lakini pa kukaa hakuna! Ufukwe wenyewe ni kipande, kwingine kote miamba, vitanda vya kukodi, miavuli, muziki huku, mananasi yaliyotobolewa na kujazwa pombe kule. Tukajibanza juu ya jiwe na sufuria letu la pilau.

Mwenzetu mmoja, nimwite Dada M, hajui kuogelea hata kidogo. Kanunua godoro la kupuliza, la waridi, kajilaza maji ya magoti, kofia usoni. Sisi tunakula. Mchana upepo ukageuka. Wenyeji wanauita majjistral, unatoka kaskazini magharibi. Ukiwa umeketi jiweni unausifia, unakausha jasho. Nainua macho nimtafute Dada M nilipomwacha, hayupo. Natazama kushoto, hayupo. Halafu naona kitu cha waridi, kidogo, kimeshavuka ile kamba ya maboya inayotenganisha waogeleaji na boti. Kofia bado iko usoni. AMELALA.

Tukapiga kelele, muziki ukatuzidi. Kaka mmoja wa kwaya akajitosa, kufika kwenye kamba pumzi zikamwishia, akabaki kaing'ang'ania. Ikapita boti ya mwendo kasi, wimbi lake ndilo lililomwamsha Dada M. Akainuka akakaa, akatazama huku, akatazama kule, akauona mkondo wa bahari kati ya Comino na Malta uko mbele yake mweupe kwa mapovu...

Naitwa zamu. Nitamalizia.

Mjukuu wa Tandale
Dada, hivyo ndivyo watu wanavyopata presha. Rudi hapa!

Msomaji Kimya
Nina miaka nasoma tu humu sijawahi kuandika. Nimejiandikisha leo kuuliza: alipona?

Nahodha Mstaafu
Tukimsubiri binti yangu nesi, nami niseme langu. Nimevua Nungwi ujana wangu wote. Mwanangu yuko Malta, akanialika. Akataka kunipeleka maduka makubwa, nikamwambia nipeleke wanapotia nanga wavuvi. Ni Marsaxlokk, na siku yenyewe ni Jumapili, soko la samaki. Mashua zao, luzzu, wanazipaka buluu, njano na nyekundu, na omoni kila upande wamechora jicho. Jahazi za Lamu nazo zina macho, kwa hiyo nilijiona niko na jamaa zangu.

Kuanzia katikati ya Agosti wanavua faulusi, wao wanamwita lampuka, wakiwa wengi lampuki. Uvuvi wao niliupenda: wanaelea maboya baharini, chini yake wanafunga makuti ya mtende. Faulusi anapenda kivuli, anakusanyika pale, wanamzungushia wavu. Makuti tu! Nimewaeleza vijana wa Nungwi, wamebaki kunitazama. Ukienda Julai utapewa faulusi wa kwenye friza, kwa hiyo subirini.

KaziniMsida
Shikamoo nahodha. Na pweza wa pale je?

Nahodha Mstaafu
Marahaba. Pweza wanapika kwa nyanya na divai. Mimi divai situmii, nilikula mkate.

Mlokole Arusha
Mbona hamtaji St Paul's Bay? Matendo ya Mitume sura ya 27 na 28. Merikebu ilivunjika hapo, watu 276, wote wakaokoka. Wakawasha moto, nyoka akamng'ata Paulo mkononi, asidhurike. Nilipanda boti inayopita karibu na kile kisiwa chenye sanamu yake, nikalia.

Chumvi Kidogo
Malta leo haina nyoka mwenye sumu ya kuua. Mlokole, nyoka alitoka wapi?

Mlokole Arusha
Wewe kila uzi lazima uweke mchanga kwenye chakula cha watu. Miaka elfu mbili imepita, misitu imekatwa, nyoka atakusubiri wewe?

Chumvi Kidogo
Na kuna wanaodai kisiwa chenyewe kilikuwa Mljet, kule Kroatia.

BintiKisauni
Muende uzi wa dini, tafadhali. Hapa tunamsubiri Dada M.

Fundi Umeme Mbeya
Mimi nilikuwa kule Julai 2023. Joto lilivuka 40, nyaya za ardhini zikaungua, umeme ukawa unakatika mtaa baada ya mtaa, kwetu ulipotea usiku na mchana. Watu wanalala kwenye mabaraza, wengine ufukweni Għadira na mito yao. Jirani mzee alitoa nyama yote ya kwenye friza akachoma, akaita mtaa mzima. Ni sungura, wao ndiyo kitoweo cha heshima. Kama unataka kumla kwa shangwe nenda Buskett usiku wa 28 Juni, sherehe ya Mnarja, kesho yake kuna mbio za farasi.

Mama Watatu
Naomba kuuliza kuhusu konyeza. Mwanangu aliwashwa Golden Bay, mume wangu akasema akojolewe.

Mjukuu wa Tandale
Na akakojolewa? 😂

Mama Watatu
Sijasema hivyo.

Babu Siki
Siki. Pwani yetu yote tunatumia siki.

NesiSliema
Niko mapumziko mafupi, hili nalijibu kwanza. Mkojo hausaidii. Siki inategemea aina, na yule konyeza wa rangi ya zambarau aliyezoeleka Malta siki haimfai. Suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, toa mabaki ya mikia kwa kibano au kingo ya kadi, usisugue. Mkiona bendera ya zambarau ufukweni maana yake wapo, kaeni nje mle pastizzi, vile vitafunio vyao vya jibini.

Babu Siki
Mimi nimetumia siki tangu wewe hujazaliwa.

Msomaji Kimya
DADA M!!!

NesiSliema
Haya. Mzee mmoja wa Kimalta alikuwa kwenye mashua yake ndogo na mkewe, wamefunga turubai, wanakula. Mke ndiye aliyeona. Mzee akang'oa nanga na tonge liko mdomoni. Walimfuata, akalinasa godoro kwa mti wenye kulabu. Dada M akagoma kuliachia! Kakumbatia godoro, macho kayafumba, anaimba pambio kwa Kiswahili. Wakamvuta na godoro lake mpaka ubavuni, mzee akachomoa kizibo, upepo ukatoka fyuuu, hapo ndipo aliposhika mashua. Walimleta mpaka gatini amefunikwa taulo, ana mkate wa ftira mkononi, yule mama anamfokea kwa Kimalta na anamfuta machozi wakati huo huo. Boti ya kurudi ilirushwa na mawimbi, nusu ya kwaya walitapika. Dada M alishiba ftira, akalala.

Msomaji Kimya
Asante. Narudi kimya.

Fundi Umeme Mbeya
Anaimba pambio na godoro 😂😂 Mungu nisamehe.

Mlokole Arusha
Mnaona? Merikebu zinavunjika, watu wanaokoka. Kisiwa ni kile kile.

Chumvi Kidogo
Hapo sina neno.

KaziniMsida
Nyongeza kwa wanaopanga: tangu 2025 Blue Lagoon unaandikisha nafasi mtandaoni kabla, ni bure, maana watu walizidi. Mimi ningewaambia waipite kabisa waende kisiwa cha Gozo. Kivuko kile kile cha Ċirkewwa, nauli unalipa wakati wa kurudi. Lile dirisha la mwamba la Dwejra msilitafute, lilianguka 8 Machi 2017, ila boti ndogo zinakupitisha ndani ya pango mpaka bahari kuu. Na kule Xwejni mnakuta watu wanavuna chumvi kwenye vibwawa walivyochonga mwambani, wanaifagia kwa ufagio.

BintiKisauni
Msisahau mji wa Mosta. 9 Aprili 1942 bomu lilitoboa kuba watu wako ndani ya kanisa, halikulipuka. Nenda tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Santa Marija, lakini uwe na masikio ya akiba: fataki zinaanza asubuhi.

Mama Watatu
Chaja zetu zinaingia?

KaziniMsida
Soketi za pini tatu kama nyumbani, na gari zinapita kushoto. Mwingereza alipita kule pia.

Mama Watatu
Na lile hekalu la chini ya ardhi, Hypogeum? Nataka Agosti hii.

Fundi Umeme Mbeya
Limeshajaa, mama. Wanaingiza watu 80 tu kwa siku, watu wanakata tiketi miezi kabla. Zinabaki chache za kesho yake, zinauzwa ngome ya Fort St Elmo. Panga foleni mapema.

Mama Watatu
Mume wangu foleni hawezi.

Mjukuu wa Tandale
Mpeleke Comino umkodishie godoro.